Mzunguko wa Wakati na Mbinu Rejeshi

Katika swali la muundo, watahiniwa wengi wakiona hadithi "inarudi nyuma" huandika rejeshi bila kufikiri. Zipo njia mbili za kurudi nyuma. Zitofautishe.

Mzunguko wa wakati

Huu ni muundo ambao mhusika hunaswa katika kipindi kimoja, mara nyingi siku moja, akakiishi tena na tena. Katika filamu ya Marekani iitwayo Groundhog Day (1993), mtangazaji wa hali ya hewa, Phil Connors, huamka saa 12 asubuhi na kukuta ni tarehe 2 Februari ileile. Mwanzoni anaitumia nafasi hiyo kwa ubinafsi, kisha anakata tamaa. Anapojifunza kuwajali wengine, siku inasonga.

Sifa zake:

1. Matukio yaleyale hujirudia.
2. Mhusika mkuu hukumbuka yaliyopita. Wenzake kwa kawaida hawakumbuki.
3. Anaweza kutenda tofauti, na matokeo yakabadilika.

Tuseme unatunga hadithi ya Nyantakara, wilayani Biharamulo. Kijana anapewa na mama yake fedha za mbegu za mahindi, anazimaliza kwa kubeti. Jioni mvua inanyesha na mama hana mbegu. Kijana analala, akiamka ni asubuhi ileile, fedha zimo mfukoni. Anabeti tena kwa ujanja mpya, jioni ni ileile. Siku anaponunua mbegu, kesho inafika. Marudio hayo ndiyo yanayobeba dhamira: kosa halitoki kwa ujanja, hutoka kwa kubadilika.

Mbinu rejeshi

Hapa msimulizi au mwandishi ndiye anayerudi nyuma; mhusika haishi upya. Mfano ni tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds. Inaanza na mazishi ya Furaha, kisha inaturudisha kuona maisha yake hadi alipokufa kwa UKIMWI. Tunatamani akatae ushawishi, lakini tayari tumeliona kaburi. Orodha aliyoiacha si ya majina ya wanaume, bali ya mambo ambayo yangeweza kumwokoa.

Ona uzito wa tofauti hii. Phil anapewa kesho nyingi. Furaha hana hata moja. Kwa hiyo somo la Orodha linabaki kwetu tulio hai, ambao siku yetu hairudi.

Dokezo la mtihani

Jiulize: je, mhusika anaweza kubadili yaliyopita? Akiweza, ni mzunguko wa wakati. Asipoweza, bali sisi tunaonyeshwa tu, ni rejeshi. Usiishie kutaja mbinu. Toa mfano kutoka kwenye kitabu, kisha eleza inavyojenga dhamira.

Zoezi

1. Taja tofauti mbili kati ya mzunguko wa wakati na mbinu rejeshi.
2. "Kuanza na mazishi kunaipa Orodha nguvu zaidi." Jadili kwa hoja tatu.