Mti wa barabarani ni wa nani?

Ukifika Sondu saa saba mchana siku ya soko, utaona jambo moja bila kuambiwa: penye mti pana watu. Mama wa viazi vitamu ametandaza gunia lake hapo, vijana wa bodaboda wameegesha hapo, na msafiri anayengoja matatu ya Kisii amejibanza papo hapo. Lakini hebu uliza mti huo ni wa nani. Mwenye duka atasema ni wa kaunti. Wa kaunti atasema uko katika hifadhi ya barabara kuu. Naye mbuzi, asiyeuliza mtu, atakuwa tayari ameguguna gome.

Hapo ndipo penye shida. Sisi Wakenya ni hodari wa kupanda. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 tukapewa siku nzima ya mapumziko kwa kazi hiyo. Hata hivyo, mche wa Novemba hukutana na jua la Januari ungali mchanga, na siku hiyo hakuna mgeni wa heshima wa kuutilia maji.

Jambo hili si geni. Juni 5, 1977 marehemu Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mingi kati ya hiyo haikudumu. Vuguvugu la Green Belt lililoanzia hapo baadaye lilikuwa likiwapa akina mama malipo madogo, si kwa kila mche uliotiwa ardhini, bali kwa kila mche ulioshika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sondu ina sababu zaidi ya kuwa na daftari hilo. Mji umekalia mpaka wa Kisumu na Kericho, na sokoni hukutana Waluo, Wakipsigis na Wakisii. Mpaka huo umewahi kuleta machozi: Agosti 2023 machafuko yaliua watu na kuvuruga biashara. Mti hauwezi kumaliza ugomvi wa mpaka. Lakini watu wa pande mbili wanaotunza kivuli kimoja wana sababu ya kuonana kila wiki hata pasipo na ugomvi. Wala kamati si kitu kigeni hapa. Mradi wa umeme wa Sondu-Miriu ulipozua malalamiko, mwaka 2001 iliundwa kamati iliyowaweka wenyeji meza moja na wahusika wa mradi.

Basi ianze vipi? Kwanza, ombeni ruhusa. Barabara ya Ahero kwenda Kisii ni barabara kuu, na hifadhi yake iko chini ya KeNHA. Katiba ya 2010, Kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira, kwa hiyo mnapobisha hodi si kuomba msaada.

Pili, chagueni mti unaofaa. Uko mmoja wenye maua ya manjano ambao Waluo huuita siala na Wakipsigis mobet. Kila upande unaujua. Msipande chini ya nyaya za stima, kwani utakuja kukatwa kichwa.

Tatu, kila mti uwe na jina la mlezi: duka, kibanda, steji ya bodaboda au darasa la shule. Chimbeni shimo la futi mbili mvua ya Machi inapoanza, mtie samadi iliyooza, mzungushie miiba. Wakati wa kiangazi, mtungi mmoja wa lita 20 umwagwe polepole mara mbili kwa wiki. Asiruhusiwe mtu kupigilia mabango ya siasa kwa misumari, kumwaga oili chafu kwenye mizizi wala kumimina saruji hadi shinani.

Mwisho, baada ya miezi sita hesabuni iliyo hai, na orodha isomwe barazani mbele ya chifu. Hapo mtajua kama mlipanda miti au mlipiga picha tu.

Wanafunzi nao wasisubiri sikukuu nyingine. Mti ulio nje ya lango lako leo una kiu. Ndoo unayo.