Shilingi Moja Iliyobaki

Gawa mkopo wa shilingi 100,000 kwa marejesho matatu yaliyo sawa. Kila rejesho ni shilingi 33,333, na ukijumlisha unapata 99,999. Shilingi moja imebaki mezani. Mwekahazina wa kikoba atakucheka ukimwuliza iko wapi, maana shilingi moja siku hizi hainunui hata njiti ya kiberiti. Kompyuta haicheki. Usipoiagiza iiingize shilingi ile kwenye rejesho la mwisho, mkopo uliolipwa wote utaendelea kuonekana una deni, na kila usiku programu itamhesabia mwenye mkopo siku za kuchelewa. Kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja, nimewahi kuona mama akinyimwa mkopo wa pili kwa deni la namna hiyo. Afisa mikopo aliyemkatalia hakuwa na roho mbaya. Aliamini alichokisoma kwenye kompyuta.

Sisi tunaoandika programu za mikopo midogo tunaishi na shilingi hizo. Watu hudhani kazi yetu ni kucharaza msimbo usiku kucha. Sehemu kubwa ya kazi ni kuuliza maswali ambayo wenye fedha hawajawahi kuulizwa, kwa sababu kwenye daftari majibu yalikuwa yanajipa yenyewe.

Programu ninayoizungumzia ni Apache Fineract. Chimbuko lake ni Mifos, mradi wa Grameen Foundation ya Marekani, shirika lililopata jina na hamasa kutoka benki ya Profesa Muhammad Yunus kule Bangladesh. Mwaka 2011 shirika hilo lilijitoa, na waliokuwa wakiitumia na kuitengeneza Mifos wakaibeba wenyewe. Desemba 2015 msimbo ukapelekwa Apache Software Foundation, na mwaka 2017 Fineract ikahesabiwa kuwa mradi kamili wa taasisi hiyo. Msimbo wote uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuubadilisha, hata kuufanyia biashara, bila kuomba ruhusa.

Lakini huria si bure. Seva hulipiwa, wafanyakazi hufundishwa, na kuhamisha madaftari ya miaka sita kwenda kwenye kompyuta ni kazi ya kutoa jasho. Kinachokosekana ni ada ya leseni tu, pamoja na ule utumwa wa kumpigia simu muuzaji wa mbali kila unapotaka kubadili fomu moja.

Turudi kwenye hesabu, maana humo ndimo mwenye uwezo na asiye na uwezo wanapokutana. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kwa riba bapa, asilimia 2 hukatwa kwenye kiasi cha mwanzo mwezi baada ya mwezi, hata pale ulipobakiza deni la laki moja. Utalipa riba ya shilingi 24,000 mara 12, yaani 288,000. Kwa riba ya salio linalopungua, ukirudisha laki moja ya mtaji kila mwezi, riba huanza na 24,000, ikashuka 22,000, hadi 2,000 mwezi wa mwisho. Jumla ni 156,000. Asilimia ni ileile iliyobandikwa ukutani, lakini tofauti ni shilingi 132,000. Ndani ya programu, tofauti hiyo ni chaguo moja kwenye fomu ya kusajili aina ya mkopo. Anayelibofya ni meneja, na hulibofya mara moja tu.

Jambo la pili halibandikwi hata ukutani, nalo ni mpangilio wa malipo. Tuseme rejesho la wiki ni shilingi 25,000: mtaji 20,000 na riba 5,000. Mama amechelewa, akapigwa faini ya 6,000. Analeta 25,000 zake kamili. Zinalipa nini kwanza? Mpangilio wa kawaida tulioukuta kwenye Fineract ni faini, kisha ada, kisha riba, mtaji mwishoni. Basi 6,000 zinamezwa na faini, 5,000 zinakwenda kwenye riba, na mtaji unaambulia 14,000. Rejesho bado lina pengo la 6,000, mama bado ni mchelewaji, na taasisi ikitaka inaweza kumpiga faini nyingine. Ukigeuza mpangilio, mtaji ukatangulia na riba ikafuata, rejesho lake limekwisha na kilichobaki ni faini peke yake. Fineract ina mipangilio kadhaa ya kuchagua, na iko humo kwa sababu watu wa nchi mbalimbali walilalamika, wakajadiliana, wakaiandika.

Tarehe nazo zina vituko vyake. Ratiba ya marejesho ya mwaka mzima hutolewa siku mkopo unapotoka, lakini Idi haina tarehe mpaka mwezi uandame. Programu inauliza: rejesho likiangukia sikukuu, lisogee siku ya kazi inayofuata, lirudi nyuma, au lingoje mkutano ujao wa kikundi? Kwa aliyezoea benki ya mjini, jibu ni kesho yake. Kwa kikundi kinachokutana Jumatano chini ya mwembe, Alhamisi ni siku ya shamba na hatakuja mtu. Mwandishi wa programu aliyekaa Bengaluru au Seattle hawezi kuliota jambo hili. Lazima aambiwe na mtu aliyewahi kukaa chini ya mwembe huo.

Kuna pia afisa anayekusanya fedha Jumanne mahali pasipo na mtandao, akaziingiza Ijumaa. Programu inatakiwa kutunza tarehe mbili, ya kupokea na ya kuandika, kisha irudi nyuma na kufuta faini zilizojihesabu katikati. Tena ifute bila kufuta: muamala uliokosewa hauondolewi, hugeuzwa kwa muamala mwingine, ili mkaguzi aone kosa na marekebisho yake.

Fedha za simu zimeongeza utamu na maumivu. Wengi hawakumbuki kwamba M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, ikilenga wakopaji wadogo walipe marejesho yao kwa simu. Watu wakaigeuza, wakawa wanatumiana fedha, na ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja kama huduma ya kutuma pesa. Leo marejesho yanaingia kwa simu, lakini mama hulipa kwa namba ya mwanawe na kukosea tarakimu moja ya namba ya kumbukumbu. Fedha ipo, mwenyewe hajulikani, inawekwa kwenye akaunti ya kusubiri. Wakati mwingine mtandao hukatika katikati, na mtambo wa kampuni ya simu ukatuma taarifa ileile mara mbili. Programu isipotambua kwamba huo ni ujumbe mmoja, mkopaji atakuwa amelipa mara mbili kwenye vitabu na mara moja mfukoni.

Hata kujumlisha kwenyewe ni mtego. Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja, na kwa hesabu hizo sehemu moja ya kumi haiandikiki kamili, kama theluthi isivyoandikika kamili kwetu. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwa njia ya kawaida, utapata 0.30000000000000004. Ndiyo maana hatutumii namba za aina hiyo kwenye fedha, na mgeni anayezitumia hurudishiwa kazi yake kabla ya chai.

Kurudishiwa kazi ndiyo shule yenyewe. Unaandika tatizo, watu wanalijadili hadharani kwa barua pepe, unaleta msimbo pamoja na majaribio yake, mwingine anausoma mstari kwa mstari na kukuumbua kwa adabu. Toleo jipya halitoki bila angalau kura tatu za kuliunga mkono kutoka kwa wanakamati wa mradi. Cheo hakinunuliwi wala hakiombwi. Ukifanya kazi nzuri kwa muda, wenzako wanakupa haki ya kuingiza msimbo mwenyewe.

Kiswahili nacho kimo kwenye kurasa za Mifos, na kutafsiri si kazi ya kitoto. Kusamehe riba na kufuta deni vitabuni ni mambo mawili. La kwanza humwachia mkopaji, la pili husafisha hesabu za taasisi huku deni likiendelea kudaiwa. Ukiandika "futa" kwenye vitufe vyote viwili, umeleta ugomvi ofisini.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa: msimbo wazi hauzuii mikopo ya kausha damu. Leseni ya Apache inamruhusu mtu kuchukua programu, akaibadilisha gizani na asionyeshe alichobadilisha. Riba bapa na faini ya juu ya faini zinaweza kuendeshwa kwa msimbo uleule uliosomwa na watu wema. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoweka watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia wanaopokea amana hadi vikundi vya kijamii. Sheria inamtazama mkopeshaji, haiangalii kitufe alichobofya meneja.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini, omba ratiba ya marejesho iliyochapishwa, ukae na kalamu, ujumlishe mwenyewe. Kisha muulize afisa mikopo: nikichelewa, pesa yangu italipa nini kwanza? Kama hajui, mwambie aulize makao makuu. Jibu limo ndani ya programu yao, na kuna mtu anayejua mahali pa kulisoma.