Fahamu: Nani anashika funguo za seva ya nakala rudufu?

Aprili 2023 Naivas, msururu wa maduka makubwa wenye mizizi katika Kaunti ya Nakuru, ulitangaza kuwa umevamiwa na wahalifu wa mtandao kwa programu ya kudai fidia. Tangu hapo swali ni lilelile kwa shule, sacco na zahanati za Nakuru hadi Naivasha: data ikifungwa, nakala iko wapi?

Nakala hukaa kwenye seva yake, na seva hiyo ina dashibodi ya usimamizi. Mwenye kuingia humo anaweza kurejesha faili; anaweza pia kufuta nakala zote. Ndiyo maana wavamizi huitafuta mapema. Mwaka 2024, kasoro katika programu ya nakala rudufu ya Veeam, inayotumika kote duniani, ilitumiwa kwa uvamizi wa aina hii.

Udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu, ni akaunti moja ya "admin" inayotumiwa na ofisi nzima, nywila ikiwa imebandikwa ukutani. Faili zikitoweka, utamuuliza nani? Kila mtu apewe akaunti yake: wa zamu aone ripoti tu, fundi arejeshe faili, na ruhusa ya kufuta ibaki kwa wachache sana, tena kwa uthibitisho wa hatua mbili. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi.

Uzembe huo una gharama kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mdhibiti wa data kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kuwa data imevuja na kuwaweka wahusika hatarini. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5.