Mng'ongo Usiozaa: Somo la Uchavushaji

Mwalimu atakayepangiwa Choma, au shule nyingine yoyote ya Mkoa wa Tabora, hana haja ya kungoja picha za ukutani ndipo afundishe uzazi wa mimea. Mng'ongo unamtosha. Mti huu, wa jamaa moja na mwembe na mkorosho, ni nadra kupandwa. Huachwa tu shambani wakati wa kufyeka, na hasa ukiwa unazaa. Usiozaa hudhaniwa kuwa tasa, na shoka halikawii.

Dhana hiyo ndiyo tunayotaka isahihishwe shuleni. Kwa kawaida mng'ongo mmoja huwa dume na mwingine jike, ingawa mara chache mti mmoja hutoa maua ya namna zote mbili. Basi mti unaoitwa tasa huenda ndio unaoipatia miti jirani chavua.

Tunashauri wanafunzi wapelekwe mitini kati ya Septemba na Novemba, matawi yangali matupu au ndiyo kwanza yanachipua. Maua ya dume hukaa mengi pamoja katika vishada, kila ua likiwa na stameni nyingi zenye chavua. Ya jike ni machache, karibu na ncha za matawi. Stameni zake hazina nguvu ya uzazi, na katikati pana ovari. Wasielezwe tofauti hiyo kabla hawajaiona wenyewe.

Wachavushaji wakuu ni nyuki. Warina asali wa Tabora wanayo mengi ya kumfunza mwalimu juu yao, wala si aibu kuwaalika darasani.

Kisha wajaribu. Katika mti jike, kabla maua hayajafunguka, wafunike kijitawi kimoja kwa mfuko wa chandarua. Cha pili wakifunike vivyo hivyo, lakini maua yakifunguka wayapake chavua ya mti dume kwa unyoya wa kuku, kisha wakifunike tena. Cha tatu kiachwe wazi. Pasipo kile cha pili, mtoto mwerevu atasema ni mfuko ulioharibu maua, na mwalimu hatakuwa na jibu.

Matunda yahesabiwe yakiwa mtini, kwani huanguka yangali ya kijani na kuivia ardhini, na mbuzi hawangoji daftari. Hatimaye wanafunzi wachore ramani ya ming'ongo iliyo jirani na shule, dume kwa alama yake na jike kwa yake, waipeleke kwa wazazi kabla ya msimu ujao wa kufyeka mashamba.