Njaa Inayoanzia Ghalani

Kila bajeti inaposomwa Dodoma au Nairobi, ukurasa wa kilimo huanza na mbolea, ukaingia mbegu, ukamalizia umwagiliaji. Mwaka 2022 serikali zote mbili zilitoa ruzuku ya mbolea, na sina ugomvi nazo kwa hilo. Ardhi iliyochoka haizai kwa maombi. Ila sisi tunaoshughulika na mahindi yakishatoka shambani tunabaki na swali letu: hayo magunia ya ziada yatakaa wapi, na katika hali gani, mpaka Februari?

Swali hilo lina fedha ndani yake. Mwaka 2011 Benki ya Dunia na FAO walikadiria kwamba nafaka inayopotea baada ya mavuno katika Afrika kusini mwa Sahara ina thamani ya dola bilioni 4 kila mwaka, na ingetosha kulisha watu milioni 48. Mwaka 2014 viongozi wa Umoja wa Afrika waliahidi huko Malabo kwamba ifikapo 2025 upotevu huo ungekuwa umepungua kwa nusu. Januari 2025 walikutana Kampala kuandika azimio jingine.

Upotevu wenyewe hauna kishindo. Mafuriko yana picha za helikopta, na nzige wana wingu. Dumuzi hana hata sauti, isipokuwa ukitega sikio karibu kabisa na gunia usiku kumetulia.

Mdudu huyu ni mgeni. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa kwetu alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa ameshakaa miaka michache bila kutambuliwa. Akavuka kwenda Kenya, na upande wa pili wa bara Togo ikamgundua mwaka 1984. Tanzania wengi humwita pia skania. Kenya wapo wanaomwita Osama. Majina hayo yanaonyesha jinsi alivyopokewa. Kabla yake wakulima walikuwa wamezoeana na fukusi, anayetoboa punje moja moja na kumwachia mwenye nyumba sehemu yake. Dumuzi hajui kiasi. Hutoboa gunzi na punje, huchimba njia ndefu hata pale asipokula, na kinachobaki ni unga mwepesi unaomwagika ukiinua gunzi. Vipimo vya mwanzo vilivyofanyika Tanzania viliona vihenge vilivyopoteza hadi theluthi ya uzito katika miezi michache, ingawa wastani wa vihenge vyote ulikuwa chini sana ya hapo. Hula pia makopa ya muhogo, na huishi kwenye miti ya porini, kwa hiyo hata ukisafisha ghala lote leo, yupo nje anasubiri.

Kilichomsaidia kushinda ni utaratibu wetu wenyewe, ambao kwa fukusi ulikuwa na akili. Mahindi yaliwekwa na magunzi yake, mengine na maganda juu, kwenye kihenge au darini juu ya moto ili moshi uyapitie. Ganda linalofunika vizuri humzuia fukusi. Lakini dumuzi hupenda kitu kisichotikisika anapotoboa, na punje zilizoshikana kwenye gunzi humpa hasa anachotaka. Kwenye punje zilizopukuchuliwa hupata shida zaidi. Ndiyo maana maofisa ugani walikuja na wito wa kupukuchua kwanza, kuchanganya na dawa ya vumbi, kisha kuhifadhi. Ulikuwa wito sahihi, na uligeuza kazi ya miezi kuwa kazi ya wiki moja, ambayo kwa sehemu kubwa iliwaangukia akina mama na watoto. Wataalamu walimleta pia mdudu mwingine kutoka Amerika ya Kati anayemla dumuzi. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Porini amesaidia. Ghalani, mwenye nyumba asimtegemee.

Lakini adui wa kwanza si mdudu. Ni maji yaliyomo ndani ya punje. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu, na hapo jiografia ina upendeleo. Songea na Rukwa huvuna kiangazi, jua kali na upepo mkavu, punje inakauka yenyewe ikiwa bado shambani. Trans Nzoia huvuna kuanzia Oktoba, na mvua za vuli zikikaza mkulima anabaki akikimbizana na turubai: anika saa nne, kunja saa nane, anika tena kesho. Ushauri uleule wa kuhifadhi ukiutoa Songea utafaa. Ukiupeleka Kitale neno kwa neno unaweza kumwozeshea mtu mahindi.

Wengi hupima ukavu kwa meno. Punje ikilia "ka", wanasema tayari. Meno si mabaya, lakini ipo njia ya chumvi, nayo haina gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Anika chumvi ya kawaida juani mpaka iwe inatiririka kama mchanga. Tia chumvi kidogo chupani, ongeza mahindi mpaka chupa ifike theluthi, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isiponata, umekaribia, nawe ongeza siku moja ya jua kwa usalama. Wakala wa serikali au mnunuzi mkubwa ana kipima unyevu cha betri. Mwenye magunia 8 ana chupa.

Uzito wa jambo hili uko kwenye sumukuvu. Kuvu wake huanza shambani, hasa ukame unapolipiga hindi likiwa linajaza punje, kisha hustawi kwenye gunia lenye unyevunyevu. Sumu yenyewe haionekani, haina harufu, na moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Uchunguzi ulielekeza kwenye mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa kabla hayajakauka. Mwaka 2016 ikawa zamu ya vijiji vya Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu, maana nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, ila pumba hizo hupewa ng'ombe na kuku, na kwa ng'ombe sehemu ya sumu hurudi mezani ndani ya maziwa. Biashara nayo inaumia: Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na malori yakapanga foleni mpakani.

Mahindi yakishakauka kweli, hapo ndipo mifuko isiyopitisha hewa inapopata maana. Maarufu zaidi, PICS, ilianzia kwenye kazi ya kuokoa kunde Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue. Ni mifuko miwili ya plastiki nene ndani ya kiroba cha kawaida, kila mmoja ukifungwa peke yake. Wengi hudhani mdudu hufa kwa kukosa pumzi, kama mtu. Anachofia hasa ni kiu. Fukusi hanywi maji; maji ya mwili wake huyapata kwa kuunguza chakula kwa oksijeni. Wadudu waliofungiwa humo huitumia oksijeni mpaka inakaribia kwisha, wanaacha kula, maji ya mwili hayaji tena, wanakauka. Hakuna dawa iliyotumika. Panya lakini hana habari na utafiti huo, kwa hiyo mifuko ipangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Na mahindi ya kula mwezi huu yawekwe pembeni: anayefungua mfuko kila Jumamosi kuchota debe anawarudishia wadudu hewa. Atakayetia mahindi mabichi humo atafungua uvundo.

Hadi hapa ningeweza kuonekana nauza mifuko. Ukweli ni kwamba wakulima wengi hawauzi Julai kwa sababu hawajui kuhifadhi. Wanauza kwa kuwa mkopo wa pembejeo umefika, mtoto anadai sare, kuna msiba wa kuchangia, na dalali amesimama mlangoni na lumbesa yake akitaja bei ya kutupa. Februari mkulima huyohuyo anakwenda sokoni kununua mahindi, pengine yale yale, kwa bei ya juu. Mfuko mzuri hausaidii chochote kama hakuna cha kuweka ndani yake.

Magharibi mwa Kenya, Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walilijaribu hilo pamoja na shirika la One Acre Fund, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019. Wakulima walipewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, pale ambapo wakopeshaji wengi wanadai badala ya kutoa. Waliokopa waliuza mahindi machache msimu wa bei ya chini na mengi baadaye, na faida ilifika asilimia 29 ya kilichokopwa. La kuvutia zaidi lilikuwa sokoni. Palipokuwa na wakopaji wengi, bei haikuanguka sana wakati wa mavuno wala haikupaa sana baadaye, na faida ya kila mkopaji ikapungua kwa sababu hiyo. Jirani ambaye hakukopa hata shilingi, aliyezoea kununua mahindi miezi ya njaa, naye akapata nafuu. Benki inayotazama daftari la mteja mmoja mmoja haitauona unafuu huo, na ndiyo sababu sidhani mikopo ya aina hii itaenea kwa kuziachia benki peke yake. Ruzuku inayojaza mfuko wa mbolea Novemba ina haki ya kuwapo pia Julai, kwenye turubai na kwenye riba.