Nani Alipwe Wimbo Ukipigwa Redioni?

Ukifungua redio unasikia nyimbo. Wimbo mmoja ni kazi ya watu wengi. Yuko mtunzi. Yuko mwimbaji. Wako wapiga magitaa na ngoma. Tena iko kampuni iliyotoa fedha za kurekodi sahani.

Je, redio ikipiga wimbo huo, nani alipwe? Malipo hayo huitwa mrabaha. Tutazame Marekani, maana huko ugomvi huu ni wa miaka mingi.

Mwaka 1965 Otis Redding alitoa wimbo alioutunga mwenyewe, "Respect", maana yake Heshima. Mwaka 1967 Aretha Franklin aliuimba upya. Sauti ya mama huyu iliupeleka dunia nzima. Lakini redio za kawaida za Marekani zilipoupiga, mrabaha ulikwenda upande wa mtunzi. Aretha alifariki mwaka 2018. Redio hizo hazikuwa zimemlipa kitu.

Kampuni za sahani zinasema, "Redio hupata fedha za matangazo kwa nyimbo zetu. Nasi tugawiwe." Wenye redio hujibu, "Sisi tunawatangazia bure." Ni kweli, wanawatangazia. Lakini je, mwenye duka hupewa unga bure kwa kuwa anautangaza?

Sheria za mwaka 1995 na 1998 ziliagiza redio za setilaiti na intaneti ziwalipe waimbaji na kampuni. Redio za kawaida ziliachwa. Mwaka 2021 muswada ulipelekwa Bungeni ili nazo zilipe. Katika muswada huo, vituo vidogo vingelipa dola 500 kwa mwaka, au pungufu.