Dengue Inapojeruhi Ini: Ni Mgonjwa Yupi Aliye Hatarini Zaidi?

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa pamba aliyerejea Bariadi kutoka Dar es Salaam wakati wa mlipuko wa homa ya dengue. Siku ya tano mwili wake unapoa, na ndugu wanashukuru. Hata hivyo anatapika kila anachokula na anaumwa chini ya mbavu za kulia. Kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Maabara inaleta majibu ya ini: AST 2,400, ALT 1,300. Je, apewe rufaa kwenda Bugando usiku huu, au aangaliwe hapa hapa?

Milipuko ya 2010, 2014 na 2019 iliiathiri zaidi Dar es Salaam, lakini msafiri hubeba virusi katika damu yake, na mbu aina ya Aedes huzaliana katika mapipa na madumu ya maji yaliyoachwa wazi, ambayo hayakosekani katika kaya za Simiyu.

Virusi vya dengue huingia katika seli za ini na kuzijeruhi. Vimeng'enya vya AST na ALT humwagika kutoka katika seli hizo na kuonekana kwenye damu. AST kwa kawaida huzidi, kwa kuwa hutoka pia katika misuli. Shirika la Afya Duniani huihesabu dengue kuwa kali pale kimojawapo kinapofikia uniti 1,000 kwa lita. Kigezo hicho kinatuambia kwamba ini limejeruhiwa. Hakituambii kwamba litashindwa kazi, na wengi wa wagonjwa hawa hupona kabisa. Tena vimeng'enya vinaweza kushuka kwa sababu seli za kuvimwaga zimekwisha, huku mgonjwa akizidi kudhoofika. Nimeona mara nyingi mno familia ikifarijiwa kwa namba hiyo peke yake.

Kinachotabiri hatima ya mgonjwa ni kazi ambazo ini limeshindwa kuzifanya. Ya kwanza ni kugandisha damu, inayopimwa kwa INR. INR ikifika 1.5 na mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa, ilhali hakuwa na ugonjwa sugu wa ini, hapo ini limeshindwa ghafla na hatari ya kifo ni kubwa. Bilirubini inayopanda na figo zinazodhoofika huongeza hatari hiyo. Watafiti wa Thailand wameonyesha kuwa alama za MELD, zinazokokotolewa kutokana na INR, bilirubini na kreatinini, husaidia kutambua mapema walio hatarini. Mshtuko uliodumu kwa muda mrefu nao hulinyima ini damu na oksijeni; kwa hiyo mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiasi cha mkojo ni sehemu ya uchunguzi wa ini.

Pale ambapo INR haipimwi, mtoa huduma bado ana macho, masikio na glukomita. Sukari inayoshuka mara kwa mara ni ishara mbaya. Vivyo hivyo usingizi usio wa kawaida, mikono inayopepesuka inaponyooshwa, na fizi zinazotoka damu. Mwulize mgonjwa jina la mtoto wake na siku ya leo, kisha rudia baada ya saa chache. Pima pia homa ya ini aina ya B, kwani ini lililokuwa na ugonjwa kabla halina akiba.

Ndugu wasimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, na wasimpe dawa za mitishamba. Parasetamoli nayo, ingawa ndiyo dawa ya homa katika dengue, huliumiza ini kwa kiwango kikubwa. Vimeng'enya vikipanda namna hii ni salama zaidi kuisitisha. Sindano za msuli ziepukwe.

Tukimrudia mfanyabiashara wetu: iwapo INR yake ni 1.2, akili ni timamu, shinikizo limetulia na mkojo unatoka vizuri, anaweza kubaki hospitali ya rufaa ya mkoa, apimwe tena kila siku, na sukari ipimwe kila baada ya saa chache. INR ikifika 1.5, au akianza kumjibu mkewe mambo yasiyoeleweka, gari liondoke mara moja kwa njia ya Lamadi na Magu, dripu ya glukosi ikiendelea na muuguzi akiwa pembeni yake, kabla hajapoteza fahamu.